Mipira Myekundu Chini ya Galeri

Vijana wa garaje, mmeniomba niandike, na mimi nina mashaka na ombi lenu. Mtu akistaafu majuzi, na leo wale aliowafokea miaka yote wanamletea kalamu huku wanacheka, lazima ajiulize wanatafuta nini. Haya, nitaandika. Habari za vyeo na mshahara msizitafute humu. Nitaandika juu ya galeri, kile kichanja cha mizigo juu ya gari ambacho ninyi mnakifunga huku mnaongea na simu, na juu ya buloni, yaani bolti, zinazokishika. Nitaandika pia juu ya Mzee Saleh, fundi aliyenifundisha kazi, ambaye wakati wa vita nusura auawe kwa sababu ya galeri moja. Kuna kitu alinificha katika habari ile mpaka akaingia kaburini, na mimi nimekijua juzi tu.

Najua mnaniita Baba Mashaka. Najua hata aliyeanza, na siku ile alikuwa amevaa kofia yangu.

Nilifika garaje ya mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, nikiwa kijana mwenye mashavu, nikidhani siku ya kwanza nitapewa mota nzima niifungue. Mzee Saleh alikuwa amekaa juu ya tairi, mtu mfupi, mweusi sana, kofia yake nyeupe imeshika alama za vidole vya grisi. Hakuniuliza jina. Alinipa buloni mkononi.

“Iki njo nini?”

“Ni buloni, Mukubwa.”

“Buloni ya nani?”

Nilidhani ananishuku nimeiba, na kusema kweli nikaanza kumshuku yeye kuwa hana akili timamu. Akaichukua, akaigonga kwenye mguu wa galeri ya aluminiamu iliyokuwa pembeni.

“Iyi buloni ni ya chuma. Kwao ni kwa chuma. Ukiileta kwa aluminiamu hivi-hivi, umeleta bibi wa pili mu nyumba ya bibi wa kwanza, bila kuaga mutu. Kama jua iko, watanyamaza. Maji ya chumvi ikiingia katikati, basi, vita. Na mwenye kuliwa ni aluminiamu. Chuma inabakia inakuangalia tu.”

Mzee Saleh alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, jiko lake na mlango wake, na alisema umakanika wa kweli aliujifunza hapo. Mengine aliyapata kwenye mashua za chuma za mto Lualaba, alikofanya kazi kabla ya kuja kwetu. Huko aliona jinsi chuma cha aina moja kinavyokula cha aina nyingine vikikaa pamoja majini. Rondele za shaba, zile pete za kuweka chini ya nati, alikuwa anazitupa nje ya lango kwa mkono wake. Shaba, kwa aluminiamu, ni mbaya kuliko chuma.

Dawa yake ilikuwa mpira. Alikuwa na mpira wa ndani wa tairi za lori, wa aina nyekundu ya zamani, ambao hamjauona ninyi. Aliukata mapande marefu kama mikanda, akaweka pande moja chini ya kila mguu wa galeri, mkia wake ameuzungusha kwenye mguu, na jingine chini ya nati, na shingo ya buloni akaivalisha kipande cha bomba la mafuta ili isiguse tundu la aluminiamu hata kidogo. Kisha grisi. Tundu za mpira hakuzikata kwa kisu, maana kisu kinaacha mchano, na mchano unapanuka. Alitia kipande cha bomba la chuma kwenye moto mpaka kikawa chekundu, akakikandamiza, na tundu likatoka mviringo safi, ukingo wake mweusi kama jicho lililotiwa wanja. Moshi wake ulinikaa kwenye nguo mpaka mke wangu Feza akaanza kuniuliza nalala wapi. Ukimaliza kufunga, gari likatembea safari moja, unarudi kukaza, kwa sababu mpira unalala na buloni inalegea. Ninyi hamrudi kukaza. Nimewaona.

Miguu yote ya galeri za mji huu ilipita mikononi mwetu, na nilianza kuzoea kuinama kuchungulia chini ya galeri ya kila gari lililosimama, sokoni, kanisani, kwenye kilio. Feza aliona haya. Mimi niliona tundu.

Kisha vita ikaja. Sitaandika nani aliingia, nani alitoka na nani alirudi. Wengine bado wako hai na wengine wanasoma. Nitasema tu kwamba mji ulijaa macho. Ukimsalimia mtu kwa Kilingala alikuangalia, ukimsalimia kwa Kiswahili alikuangalia, ukinyamaza ndiyo aliuliza kabisa unatoka wapi. Magari yalichukuliwa. Lilibaki la Papa Musafiri, mfanyabiashara wa chumvi, limesimama garajeni kwetu, kwa sababu alikuwa ameyaficha magurudumu yake kwa wakwe, na alipoyatoa alikuwa ameshaelewana na Komanda wa wale walioushika mji. Gari lile, Land Cruiser, lilikuwa na galeri ya aluminiamu tuliyoifunga sisi, mipira myekundu yote mahali pake.

Mimi wakati ule nilikuwa nimekwama Lubutu na lori lililovunjika, njia imefungwa nyuma yangu. Feza nilikuwa nimemwacha Kindu, mimba imekomaa. Milio ya risasi ilipoingia Kasuku, sikuwepo. Nilirudi kwa miguu na njia za msitu, nikakuta mlango wangu umefungwa, na jirani akaniambia: amezaa, amekimbizwa kwao upande wa Kibombo, kaka yake alimpeleka na baiskeli. Mtoto je? Hai. Mama? Hai. Nilikaa pale mlangoni nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Sikuuliza zaidi. Aliye hai, unamuuliza nini?

Garaje ilikuwa wazi, Mzee Saleh peke yake ndani. Land Cruiser lilikuwa limekwenda tayari. Watu wa Komanda walikuja asubuhi moja, wakalitoa likiwa kama lilivyo, wakampa Papa Musafiri dereva wao na walinzi, likaanza kubeba chumvi kwenda Kampene na kurudi na mchele na mawese. Chumvi wakati ule watu walikuwa wanaitia kwenye mboga kwa ncha ya kidole. Magunia yalipakiwa juu ya galeri, mvua ikanyesha, gunia likatoa jasho, na maji yale ya chumvi yakateremka taratibu mpaka kwenye miguu ya galeri, yakakaa hapo. Nani angeyaosha? Gari halikurudi garaje hata mara moja. Mzee Saleh alikuwa anauliza habari zake kila siku, na mimi nilishangaa, maana hakuwa mtu wa kuuliza-uliza. Nililiweka lile kichwani, pamoja na mashaka mengine.

Misimu ya mvua ikapita juu ya galeri ile. Siku moja, kwenye mteremko kabla ya Kampene, dereva akashika breki na galeri ikang'oka. Magunia yalikwenda mbele, watu walikwenda na magunia. Hakuna aliyekufa, Mungu ni mkubwa. Lakini aliyevunjika paja alikuwa mdogo wake Komanda, aliyekuwa amekaa juu kulinda chumvi.

Wakaja kumchukua Mzee Saleh akiwa anakunywa chai. Mmoja wao alikuwa ameshika mguu wa galeri mkononi. Tundu la buloni lilikuwa limekuwa dirisha, na kando yake pamejaa unga mweupe. Kwao ilikuwa wazi: mzee ametia dawa ya kula chuma, ametumwa na wa upande mwingine. Neno lao lilikuwa sabotaji, na mtu aliyeshikwa kwa sabotaji walisema atavushwa. Wa Kindu mnajua mto wetu una ng'ambo mbili, na kila siku watu wanavuka kwenda Alunguli na kurudi. Wale waliovushwa na Komanda hawakurudi.

Nilichukua kle zangu, spana za kazi, nikawafuata. Msiniite shujaa. Kila kona nilitafuta sababu ya kurudi, lakini kle zilikuwa zinalia mfukoni na watu wameshageuka kuniangalia.

Kwenye kiwanja cha kambi niliiona galeri yenyewe imetupwa chini. Nikainama, kama ilivyo desturi yangu mbaya. Hapakuwa na mpira. Siyo umechakaa, siyo umechanika: haukuwepo kabisa. Chuma kimekaa juu ya aluminiamu uchi. Mtu alikuwa amefungua kila mguu, akatoa mipira yote, akafunga tena vizuri. Nikasema ndani yangu: ni hawa. Mpira wakati ule ulikuwa mali. Baiskeli zote za jimbo letu la Maniema zinafunga mizigo kwa mapande ya mpira, na hawa walikuwa na gari mikononi mwao. Au ni Papa Musafiri, ambaye amesimama pale anatoka jasho kivulini. Au dereva. Nilimshuku kila mwenye vidole.

Komanda alikuwa kijana, mwenye sauti ndogo. Wenye sauti ndogo ndio wa kuogopa.

“Weye njo nani?”

“Miye ni fundi, Komanda. Uyu mzee njo mukubwa wangu wa kazi.”

“Iyi bunga nyeupe iko nini?”

“Ni aluminiamu. Imeoza.”

“Chuma inaozaka kama muhogo?”

“Inaozaka, Komanda. Ikikaa na chuma ya jamaa ingine, na chumvi katikati.”

Alinisogezea mguu wa galeri mpaka puani.

“Kama si sumu, kula.”

Nikala. Nilikwangua kwa ukucha nikaweka ulimini, mbele ya kiwanja kizima. Ladha yake ni ya chumvi, halafu kama umelamba kijiko kikavu. Wote walikaa wakiningojea nife. Nilingoja na mimi, maana Komanda alikuwa amenitia mashaka. Sikufa, na niliona kama amehuzunika kidogo.

“Komanda,” nikasema, “kwa ruhusa yako, nifungule gari yako mwenyewe.”

Gari lake lilikuwa pikapu waliyoiteka mbali huko, jimbo jingine, na galeri yake ya aluminiamu. Garaje yetu ilikuwa haijawahi kuliona. Lilikuwa linabeba samaki wa chumvi. Alitikisa kichwa kukubali, nikapanda. Nati ya kwanza ilikataa, nikaipiga nyundo, ikazunguka ikilia, na buloni ilipotoka ilikuja na ganda lake, na unga mweupe ukamwagika mpaka kwenye kioo.

“Iyi gari, Mzee Saleh hajaigusaka. Na ugonjwa ni ule-ule.”

Nilijiona nimeshinda. Kisha nikaona Komanda amegeuza kichwa polepole kumwangalia dereva wake, na dereva midomo imekauka. Nikaelewa nimetoa kamba kwenye shingo moja nikaipeleka kwenye nyingine. Nilitaka kurekebisha. Nikafungua kinywa:

“Komanda, dereva pia hana kosa. Kwa gari ya Papa Musafiri tulitia mipira, na ile mipira kuna mutu ali...”

“Nyamaza!”

Alikuwa Mzee Saleh. Hakuwahi kunikata neno namna ile, mbele ya watu. Aliniangalia, na macho yake hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya kuomba. Kisha akainua mikono yake iliyofungwa, akasema kwa utulivu wa mtu anayezungumza na mteja:

“Komanda, hakuna mutu. Usitafute mutu apa. Njo chumvi. Chumvi imekula gari ya Papa Musafiri, imekula gari yako, na kesho itakula ingine. Chumvi njo ilivunja mudogo wako.”

Komanda aliifikiria habari ile. Mkubwa akishakusanya watu hivyo hawezi kuwaambia rudini nyumbani, lazima kuwe na wa kushikwa. Mwishowe alinyosha mkono kwenye magunia yaliyookotwa njiani.

“Chumvi ikamatwe.”

Na chumvi ikakamatwa. Naapa kwa jina la mama yangu. Askari waliyabeba magunia yote chini ya ulinzi mpaka ghala ya kambi, na wiki ile tulisikia maharage ya kambi hayajawahi kuwa matamu hivyo. Papa Musafiri alilia mbele ya watu bila kujificha, na mpaka leo akikutana nami anapita upande wa pili wa barabara. Mzee Saleh akafunguliwa.

Tulirudi kwa miguu. Alikuwa anajaribu kuvaa kofia yake na mikono haishiki, nikamvalisha mimi.

“Mukubwa, nani alitoa mipira?”

“Wacha.”

“Ni bale askari?”

“Nimesema wacha ile maneno. Weye uko na bibi, uko na mutoto. Wacha.”

Nilidhani ananikinga na watu wa bunduki. Nikaacha kumuuliza yeye. Wengine sikuacha.

Basi ninyi mnaonicheka kwa mashaka, jueni yalikotoka. Amani iliporudi, niliwauliza wote. Nilimuuliza dereva yule wa Land Cruiser, aliyekuwa sasa anauza vocha, akaapa hajui. Niliwauliza walinzi wa garaje, wapakiaji, ndugu wa Papa Musafiri. Sokoni nilikuwa nasimamisha baiskeli za watu wa Pangi waliobeba mawese, nikapekua mipira ya kufungia vidumu, nikitafuta nyekundu, mpaka mmoja akapiga kelele ya mwizi. Mzee Saleh alipofariki, kwenye matanga yake nilikaa nikiwapima wanaoingia: ni nani kati yenu aliyetaka kumuua? Feza aliyaona hayo yote. Alikuwa anatikisa kichwa, na mimi nilifikiri ni kwa ajili ya marehemu.

Kazi iliendelea. Mpira mwekundu ulikwisha duniani, tukaanza kukata rondele kwenye vidumu vya plastiki vya manjano, na si haba: plastiki hailali kama mpira na hainywi maji. Msifunge galeri juu ya kitambaa wala sponji; inashika maji, na maji yakikaa ni kama mmeialika chumvi kwa chakula. Safari ya samaki au chumvi ikiisha, osheni kwa maji safi miguu yote, siyo kioo peke yake ili mwenye gari afurahi. Sasa zinakuja galeri za Dubai na buloni za inoksi zinazong'aa, na mmoja wenu, akisoma hapa atajijua, aliniambia: “Baba, inoksi haishiki kutu.” Ndiyo, mwanangu, yenyewe haishiki. Inampa mwenzake. Ukiona kinachong'aa, shuku.

Nikastaafu. Kwa siku za kwanza Feza alinivumilia nikikagua bawaba za milango, miguu ya vitanda, mishikio ya sufuria. Juzi uvumilivu ulimwishia.

“Toka inje. Nenda uchunguze kuku.”

Nikaenda. Banda la kuku liko nyuma ya jiko, limekuwepo tangu aliporudi kutoka Kibombo. Miti yake imebadilishwa, vifungo havikubadilishwa. Nimepita pale maelfu ya asubuhi nikiwahi kazi. Nikainama, kwa mazoea tu. Mti wa kona ulikuwa umefungwa kwa pande la mpira lililopauka, rangi ya udongo. Nikalitemea mate, nikalisugua kwa kidole gumba. Likatoka jekundu. Nikaligeuza, na hapo palikuwa na tundu, mviringo safi, ukingo wake mweusi.

Nilizunguka banda lote kwa magoti. Yalikuwa pale, yote.

Feza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama mbele yake na pande moja mkononi.

“Mama, iyi mipira ilitoka wapi?”

“Ile? Ni ya velo.”

“Velo gani?”

“Velo ya kaka yangu, ile baiskeli ya kwenda Kibombo. Ile siku ya kukimbia.” Hakuacha kutwanga. “Mutoto alikuwa ametoka kuzaliwa, na miye damu ilikuwa inanikimbia, siwezi hata kukaa. Velo iko, kamba hakuna. Tuliulizia kila nyumba, kamba hakuna. Kaka akakimbia garaje. Mzee Saleh akapanda juu ya ile gari, risasi zinalia, akafungula ile mipira, akafunga tena buloni, akakuja mwenyewe kunifunga. Mugongo, kiuno, na mutoto kwa kifua. Akasema mupira haukate mwili kama kamba. Akasema: enda, Mama, miye nitatia ingine kabla ya gari kutoka.”

Ingine haikuwepo. Mji mzima haukuwa na mpira, na gari wakalichukua kabla hajapata. Ndiyo maana alikuwa anauliza habari zake kila siku. Na pale kiwanjani, mimi na kinywa changu wazi nilikuwa natafuta mwenye hatia, naye amesimama hapo hapo amefungwa mikono. Wangemuuliza: umetoa kwa nini? Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mke wa huyu. Tungevushwa wote wawili, na Mzee Saleh hakutaka nijue hata baadaye, kwa sababu alinijua: ningejishtaki mimi mwenyewe mpaka leo.

Nililia. Mzee mzima, mbele ya kinu, na kuku wananizunguka. Feza akaacha mchi, akanifuta uso kwa kitenge chake kama mtoto.

“Sasa kwa nini haukuniambia? Miaka yote iyi, Feza!”

“Nilizani Mzee alikuambia.” Akashika mchi wake tena. “Na weye uliulizaka Kindu muzima. Miye haukuniulizaka.”